Pigo, kasi na mdundo: usivichanganye

Watu wengi wakisikia wimbo wa haraka wanasema "huu una mdundo mkali", kumbe walichosikia ni kasi tu, mdundo wenyewe unaweza ukawa wa kawaida kabisa. Ni vitu tofauti na ukishavitenganisha utaanza kusikia mengi kwenye nyimbo zilezile unazozijua toka zamani.

Pigo ni kile ambacho mguu wako unakifanya wenyewe chini muziki ukiwa unaenda. Linakuja kwa nafasi sawasawa, na linaendelea hata kama hakuna chombo kinacholipiga muda huo, na hapa ndo wengi wanakwama maana wanalitafuta kwa masikio wakati mara nyingi pigo unalihisi tu mwilini. Kasi ni hesabu ya mapigo yanayoingia kwenye dakika moja, basi. Mapigo 60 ni sawa na mshale wa sekunde wa saa ya ukutani, amapiano nyingi ziko kwenye 110 na kidogo, singeli ya Dar inapita 200 na zingine zinagonga mpaka 300. (Na kule studio prodyuza akikwambia "nakutumia biti", ingawa neno hilo kwa Kiingereza ndo pigo, anamaanisha muziki mzima usio na sauti ya mwimbaji, hapo hazungumzii pigo.)

Mdundo sasa ndo mpangilio wenyewe: wapi unapiga, wapi unaacha, wapi unatia nguvu. Kuacha nako ni sehemu ya mdundo jamani, sikiliza rege ya zamani, ule mtindo wanaouita wan dropu, hesabu moja mbili tatu nne, ngoma kubwa inakaa kimya kwenye moja, mahali ambapo muziki mwingine ungeshindilia, alafu inadondoka kwenye tatu pamoja na snea (ile ngoma ndogo yenye mlio mkali), na gitaa linachapa mbili na nne. Ule uzito wote unaousikia unatokana na lile pengo la mwanzo.

Kuhusu zile namba zinazoandikwa 4/4 na 6/8, ya 4/4 ni rahisi, mapigo manne kwenye kila baa (yaani kila fungu la mapigo kabla hujarudi kuhesabu moja), bongo fleva nyingi ziko hapo. Ila 6/8 ndo yenye utamu wetu. Unahesabu sita lakini mwili unahisi mapigo mawili makubwa, kila moja lina vitatu ndani yake. Chakacha ya Mombasa na Lamu iko huku, na ngoma nyingi sana za pwani na bara pia. Na ukishaingia kwenye sita kuna jambo linatokea, kwa sababu sita unaweza kuigawa mbili mbili au tatu tatu, na wapigaji wetu hawachagui, wanazipiga zote kwa pamoja.

Jaribu hapo ulipokaa. Hesabu moja mpaka sita polepole bila kusimama, ukifika sita unarudi moja. Mkono wa kulia upige paja kwenye 1 na 4. Endelea hivyo mpaka usiwe unaufikiria tena, alafu ingiza wa kushoto kwenye 1, 3 na 5. Kwa hiyo mikono yote inakutana kwenye 1, kwenye 2 kimya, 3 ni kushoto, 4 ni kulia, 5 ni kushoto, 6 kimya. Mwanzo mikono itagombana, punguza kasi tu usiache. Ikikaa sawa hiyo ndo tatu juu ya mbili, na ndo maana mtu anaweza kucheza chakacha akifuata mapigo mawili, jirani yake akafuata yale matatu, na hakuna aliyekosea.

Kama unataka kusikia jinsi kazi inavyogawanywa tafuta kidumbaki cha Zanzibar, yaani ile taarabu ya mtaani inayopigwa harusini, vyombo ni vichache kwa hiyo kila kimoja unakisikia. Kuna ngoma mbili ndogo, kuna mkwasa ambavyo ni vijiti vifupi vya kugonganisha, cherewa za vifuu vya nazi zinazotikiswa, na sanduku la chai lenye kamba ambalo ndo besi, fidla inaimba juu yao. Usijaribu kusikia vyote kwa mara moja. Shika cherewa kwanza maana zinajaza nafasi ndogondogo zote, ukishazizoea hamia kwenye mkwasa, angalia unagonga wapi na unaruka wapi, alafu sanduku. Ngoma ziache za mwisho, kwa sababu mpigaji anabadilisha kila mara akimjibu mchezaji, na ukianza na yeye kabla hujashika pigo atakupoteza.