Mtoto akiogopa kusimama mbele ya watu

Binti yangu wa miaka tisa hughani shairi zima nyumbani. Akiitwa paredi shuleni anatetemeka na sauti inakatika. Je, ni ugonjwa?

Mara nyingi si ugonjwa. Mwili ukiona macho mengi hudhani kuna hatari, ukamwaga adrenalini, homoni ya kukabili hatari: moyo unaenda mbio, mdomo unakauka, viganja vinatoka jasho. Mweleze hivyo hivyo, na umwambie kwamba hali hiyo hupita. Akijua, hatashtuka sana itakapoanza.

Nimwombe mwalimu amtoe kwenye orodha?

Tafadhali usifanye hivyo, ingawa najua ni huruma inayokusukuma. Akitolewa anapata nafuu papo hapo, na nafuu hiyo ndiyo inayomfunza kukwepa. Siku nyingine akiitwa, hofu itarudi na nguvu zaidi. Badala yake, mpandishe ngazi moja moja, kuanzia iliyo rahisi. Aghani beti mbili mbele ya nyanya yake. Binamu wakija Jumapili, aghani lote. Mtume kwa mama mboga aulize bei mwenyewe, nawe usimsemee. Kisha asome aya moja mbele ya watoto wenzake kanisani au madrasa. Kwenye paredi, mwombe mwalimu ampe ngonjera kwanza, maana wanapokezana na hakuna anayeachwa peke yake. Asihame ngazi mpaka hofu ipungue, hata ikichukua wiki kadhaa.

Zamu yake ikikaribia, avute pumzi kwa pua, aitoe polepole kuliko alivyoivuta, mara nne au tano.

Akikosea, mwalimu humchapa na wenzake humcheka.

Muone mwalimu faraghani, na asipobadilika, mwalimu mkuu. Nchini Kenya, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumchapa mwanafunzi na kumtesa kiakili. Nyumbani pia, msimwite mwoga mbele ya wageni.

Nimpeleke hospitali lini?

Hofu ikidumu miezi sita na kumzuia kwenda shule, kucheza au kula na wenzake. Au akiongea vizuri nyumbani lakini shuleni hafungui kinywa kabisa kwa zaidi ya mwezi, mbali na ule mwezi wa kwanza wa kuzoea shule. Akiwa na kigugumizi, aonwe na mtaalamu wa matamshi. Anzia kituo cha afya kilicho karibu, uombe rufaa kwa mwanasaikolojia wa watoto. Ukitaka ushauri kwanza, piga 116, simu ya watoto, bila malipo, usiku au mchana.