Popo wa Pemba na mtoto mwenye daftari

Siku ya kupanda miti, sisi wa idara ya misitu huwa tunaalikwa maskulini. Hotuba husomwa, mashimo hufukiwa, picha hupigwa, kisha kila mtu hurudi kwake. Siku moja, katika skuli ya sekondari kaskazini ya Pemba, msichana wa kidato cha pili alinifuata nikiwa tayari naelekea garini.

"Shikamoo bwana misitu. Hii miti tuliyopanda, tukifunga skuli nani ataitia maji?"

Nilijikosha kwa kusema mvua za masika zi karibu. Hakuridhika, ila hakubishana. Akaleta la pili: nyuma ya kwao pana mti mkubwa uliojaa popo, na mjomba wake anataka kuuangusha apate mbao. Yeye mtoto afanye nini?

Hilo la pili ndilo linalonifanya niandike, kwa sababu mti ule mmoja una uzito kuliko miche yote tuliyopanda asubuhi ile.

Popo anayezungumzwa hapa si yule mdogo wa darini anayekula wadudu. Ni popo mkubwa wa matunda, mwenye manyoya ya rangi ya kutu na uso kama wa mbweha, ambaye akikunjua mbawa hukaribia mita 1.6 toka ncha hadi ncha. Hatafuti njia kwa mwangwi wa sauti kama yule mdogo. Huona kwa macho na hunusa. Ndugu zake wa ukoo mmoja wako Komoro, Madagaska na huko Asia. Bara la Afrika hawapo. Na yeye mwenyewe, kwa aina yake, haishi pahala popote duniani ila kisiwa hiki cha Pemba.

Watu wazima wanakumbuka alivyowindwa. Alikuwa kitoweo, na bunduki zilipoingia, kundi zima liliweza kumalizwa kwa siku chache, maana mchana popo hawa hulala wakining'inia pamoja kwenye mti mmoja. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 walikuwa adimu kiasi cha watafiti kuhofia kwamba wamekwisha. Hesabu ya mwaka 1995 ilikadiria kama 5,000. Miaka 12 baadaye makadirio yalifika karibu 20,000.

Hapakujengwa ukuta wala uzio. Katikati ya miaka ya 1990 vijiji vilianzisha vikundi vya kulinda popo, kwa ushirikiano wa idara ya misitu na shirika la uhifadhi la Uingereza, Fauna & Flora International; uwindaji ukapungua. Ila kuna jambo jingine ambalo sisi wataalamu hatupendi sana kulikiri: sehemu nyingi walizosalia popo ni kwenye viunga vya makaburi na misitu ya mizimu. Wazee walikataza kukata miti pale zamani sana, kwa sababu zao, kabla idara haijaweka bango hata moja. Makaburi yametulindia popo, sisi tukaja na takwimu.

Mwenye miembe ataniuliza: na maembe yangu je? Ni kweli, popo hula maembe, na mashelisheli pia. Hata hivyo anapenda tunda lililoiva mtini. Anayechuma mapema kwa ajili ya soko hapati hasara sawa na anayengoja liangukie mdomoni. Halafu kuna kazi isiyoonekana, kwa kuwa hufanyika usiku tumelala. Popo hutafuna tunda, humeza maji yake na kutema makapi. Mbegu ndogo ndogo, kama za mikuyu, hupita tumboni na kudondoka mbali na mti mama, mara nyingi katika uwanja mtupu ambao ndege wengi wa msituni hawauvuki. Maua ya msufi na ya mbuyu nayo hufunguka usiku, yakimngoja popo. Uchavushaji huo hakuna anayetuletea hati ya madai.

Uzazi wake ni wa polepole, kitoto kimoja kwa mwaka. Ndiyo maana kundi likipigwa msimu mmoja, huchukua miaka kurudi lilivyokuwa.

Sasa, kijana afanye nini? Ushauri wangu wa kwanza unawashangaza wengi: ahesabu. Achukue daftari na penseli (kalamu ya wino huyeyuka kwa umande), asimame pahala ambapo anga la magharibi liko nyuma ya mti, na ahesabu popo wanavyotoka jua linapozama. Wakitoka kwa wingi, ahesabu kumi kumi. Wawe watatu, kila mmoja na upande wake, wasije wakahesabu popo mmoja mara mbili. Wasirushe mawe wala kupiga debe ili "watoke vizuri". Popo waliobughudhiwa huhama, na wahesabuji wakabaki na mti mtupu.

Tatizo ni kwamba saa ya popo ndiyo saa ya Magharibi. Kikundi kimoja ninachokijua kilitatua hivi: walikuja na mkeka na kutia udhu mapema, anayehesabu akibadilishwa na mwenzake aliyekwisha sali. Mwalimu wa madrasa aliridhia, akaja na yeye kuangalia.

Warudie kila mwezi, mti ule ule, saa ile ile. Usiku wa mvua andika "mvua", usiandike sifuri, maana sifuri ina maana yake: popo wamehama au wameuawa, na lazima mtu akaulize. Daftari la miezi sita ukilileta ofisini kwetu tutakaa tulisome. Malalamiko ya mdomo, nasema kweli, hupotea kwenye mafaili.

La pili ni mjomba. Sheria ya misitu ya Zanzibar, Namba 10 ya mwaka 1996, inataka kibali kabla ya kukata mti wa mbao, na safari huanzia kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa. Lakini mtoto hamwendei mjomba wake na kifungu cha sheria. Amtangulize bibi yake, au imamu, na aulize kwanza: shida ya mjomba ni nini? Mara nyingine ni ada ya skuli, au paa linalovuja. Kule Kidike, kaskazini ya Chake Chake, wageni huja kuona popo na hulipa kiingilio kinachowasaidia wenyeji. Sisemi kila mti utakuwa Kidike. Mingi haitaona mgeni hata mmoja. Ila mjomba akijua kwamba kuna njia nyingine, mazungumzo hubadilika.

Tahadhari kwa wote: popo asishikwe kwa mkono, mzima au mfu, kwani aking'ata anaweza kuambukiza maradhi. Kitoto kikianguka, kifunikeni kwa kitambaa, zuieni paka na mbwa, mtupigie. Embe lenye alama za meno lifukiwe, hata kama upande wa pili bado mzima.

Nilipita kule tena baada ya kaskazi. Mti ule ulikuwa umesimama, umepungua tawi moja la upande wa nyumba. Bibi alinieleza kuwa tawi lilikuwa likilalia paa, na kwamba mjomba alingoja hadi popo waondoke jioni ndipo akalikata. Msichana hakuwepo, alikuwa skuli. Daftari aliniachia juu ya kizingiti, ndani ya mfuko wa sukari usiopitisha maji.