Difu Ikianza Kulia: Yanayosemwa Gerejini na Yaliyo Kweli

Matatu ya Hiace inayopanda kutoka Nakuru kuelekea Mau Summit ikianza kulia kwa nyuma, abiria wa kiti cha mwisho ndio husikia kwanza. Dereva huongeza sauti ya redio. Siku difu (lile bonge la gia la ekseli ya nyuma linalogawa nguvu kwa magurudumu) inapofunguliwa hatimaye, iwe ni Kibuye pale Kisumu au kwenye gereji za Nakuru, kila anayesimama karibu ana lake la kusema. Mengi ya hayo ndiyo humgharimu mwenye gari.

"Difu ikilia, krauni na pinioni zimekwisha."

Si lazima. Pinioni ni gia ndogo inayozungushwa na propela, krauni ni gia kubwa inayozungushwa na pinioni. Mlio unaobadilika ukikanyaga mafuta na ukiachia unaelekeza kwenye pinioni, lakini huenda ni beringi zake zilizochoka na meno bado ni mazima. Mlio unaobadilika ukikata kona mara nyingi ni beringi ya gurudumu. Tairi zilizolika vibaya nazo hulia, na wapo waliofungua difu bure kwa sababu yake. Kabla ya kununua chochote, mwaga oili uitazame. Uji mweusi mwembamba kwenye sumaku ya nati ya kumwagia ni jambo la kawaida. Vipande vya chuma unavyoweza kuviokota kwa vidole, hapo ndipo kuna kazi.

(Kwa wenye Probox: nyingi zake huendeshwa na magurudumu ya mbele, na difu yake imo ndani ya gia boksi, na meno ya aina nyingine. Yanayofuata hayawahusu sana.)

"Pinioni imekatika meno, krauni iko sawa, kwa hivyo nunua pinioni pekee."

Hili ndilo kosa linaloudhi kuliko yote, kwa sababu muuzaji wa spea za mitumba atakuapia kwamba "zote ni za Hilux". Krauni na pinioni husagwa pamoja kiwandani mpaka meno yazoeane, na seti nyingi huandikwa namba moja kwenye vyuma vyote viwili. Namba zikitofautiana, hizo si jozi, hata kama zinaingiana mkononi. Hesabu meno pia: krauni ya 41 kwa pinioni ya 10 ni uwiano wa 4.1, ya 43 kwa 11 ni kama 3.9. Ukichanganya, italia tangu siku ya kwanza, na baadaye itakatika.

"Fundi mzoefu hahitaji vipimo, mkono wake unatosha."

Seti mpya nyingi zinazokufa mapema, kwa maoni yangu, huuawa siku ya kufungwa. Mchezo (nafasi ya kulegea) kati ya meno ya krauni na pinioni kwenye magari mengi madogo unatakiwa uwe kama milimita 0.13 hadi 0.20, na hakuna mkono unaotofautisha 0.15 na 0.30. Inatakiwa geji ya mshale, ile inayosoma sehemu za mia za milimita.

Halafu kuna rangi. Fundi hupaka meno matatu au manne ya krauni, huizuia krauni kwa kipande cha mbao ili izunguke kwa uzito, kisha huzungusha pinioni kwenda na kurudi. Pale meno yanapogusana, rangi hufutika. Alama ikikaa katikati ya jino, vizuri. Ikishuka shinani, pinioni imeingia ndani mno na shimu, ile washa nyembamba inayopanga kina cha pinioni, ipunguzwe. Ikipanda kwenye ncha, shimu iongezwe. Ikikimbilia upande mwembamba wa ndani, krauni isogezwe mbali na pinioni. Upande mpana wa nje, isogezwe karibu. Kwenye difu nyingi, kila shimu ikibadilishwa beringi ya pinioni hung'olewa tena kwa presi. Shimu ya zamani ni pa kuanzia tu. Ndiyo maana fundi anayeniahidi kumaliza kabla ya chakula cha mchana simwamini.

"Nati ya pinioni inakazwa mpaka nguvu ziishe."

Difu nyingi zina spesa, kibomba cha chuma kinachobonyea kadiri nati inavyokazwa, kati ya beringi mbili za pinioni. Ikishabonyea kupita kiasi hairudi. Ukilegeza nati umeharibu zaidi, na dawa ni spesa mpya. Waliokaza kwa bomba refu hugundua hivyo beringi zinapoungua.

Kama hakuna geji wala rangi, heri ununue kichwa kizima cha difu (krauni na pinioni ndani ya nyumba yake) kilichofungwa na kiwanda, uwiano ule ule. Hiace na Hilux nyingi huruhusu kichwa kitoke kizima.

"4.3 ina kasi kuliko 3.9."

Kinyume chake. Namba kubwa huongeza nguvu ya kupanda, kasi hupungua. Kwa mwenye Canter ya miwa hiyo inaweza kuwa faida, ila kwenye magari ambayo spidomita husoma kutoka gia boksi, ukienda 100 itakuonyesha karibu 110. Na gari la 4x4 halibadilishwi nyuma tu: uwiano wa mbele na nyuma ukitofautiana, ukiweka foo-wili barabarani vyuma vitavutana mpaka kimoja kishindwe.

"Oili ni oili."

Meno haya husuguana kwa kuteleza, si kwa kubiringika tu, hivyo magari mengi huhitaji oili ya gia ya daraja la GL-5, mara nyingi ya uzito wa 80W-90. Oili ya injini haifai. Jaza mpaka ukingo wa chini wa tundu la kujazia, basi. Ukizidisha inatoa povu na kusukuma sili.

"Imefungwa leo, kesho ipakie."

Meno mapya hupata joto kali. Endesha taratibu dakika 15 hadi 20, simama difu ipoe, urudie. Usibebe mzigo mzito wala kuvuta trela kwa kilomita 800 za kwanza, kisha umwage oili uweke nyingine. Kisumu hadi Nakuru kwenda na kurudi mara mbili bado hujafikisha 800, kwa hivyo mwenye matatu atakayesema ameshafanya "trip mbili" bila mzigo, mrudishe barabarani.