Neno moja katika kifungu cha 197

Jaji wa Mahakama Kuu ya Tanzania akishamtia mtu hatiani, humgeukia wakili wa utetezi na kumuuliza kama ana la kusema kabla ya adhabu. Katika kesi ya wizi, ya kujeruhi, hata ya kuua bila kukusudia, wakili husimama na kueleza umri wa mteja wake, maradhi yake, watoto anaowaacha nyumbani, miaka aliyokwisha kaa mahabusu, na kwamba hajawahi kukosa kabla ya siku hiyo. Jaji husikiliza, na anachosikia hupunguza miaka. Katika kesi ya mauaji ya kukusudia swali hilohilo huulizwa kwa sababu ya mazoea tu. Jibu la wakili, liwe refu au fupi, halibadilishi kitu.

Nimewahi kusimama hapo nikimtetea mama aliyemuua mumewe. Alikuwa amepigwa kwa miaka tisa, na balozi wa nyumba kumi na majirani walikuwa wakijua. Sheria yetu inamtambua mtu aliyechokozwa akaua kwa ghadhabu ya ghafla kabla damu haijapoa, na kosa lake hushuka na kuwa kuua bila kukusudia. Lakini mteja wangu hakuua mchana ule aliopigwa. Aliua usiku, mume akiwa amelala, saa nyingi baada ya kipigo. Damu ilikuwa na muda wa kupoa, alisema jaji, na kwa mujibu wa sheria ilivyo sikuwa na hoja nzito ya kumpinga. Ilipofika zamu yangu ya kuomba adhabu ipungue, nilieleza ile miaka tisa. Jaji aliniacha nimalize, akaandika, kisha akasema mikono yake imefungwa. Akasoma hukumu ya kunyongwa hadi kufa kwa sauti ya chini kiasi kwamba mama yule alimuuliza askari jela kando yake nini kimesemwa.

Mpaka leo swali la adhabu ya kifo likitajwa, watu hukimbilia mjadala mkubwa: je, dola ina haki ya kuua? Ni mjadala halali, na msimamo wangu ni kwamba haina. Ila leo nataka kuzungumzia jambo jembamba zaidi, ambalo hata anayeunga mkono kunyonga anaweza kukubaliana nami. Nalo ni neno moja la kitenzi.

Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinasema mtu akipatikana na hatia ya mauaji ya kukusudia *atahukumiwa* kifo. Hakisemi anaweza kuhukumiwa. Kimemwachia mlango mmoja mwanamke mjamzito, ambaye hupewa kifungo cha maisha, na kwingine katika Kanuni hiyohiyo aliyekuwa chini ya miaka 18 alipotenda kosa hahukumiwi kifo. Wengine wote huwekwa kapu moja: jambazi aliyepanga mauaji kwa miezi, kijana aliyefuata kundi na kusimama nje ya nyumba, mgonjwa wa akili ambaye ugonjwa wake haukufikia kiwango cha kumwondolea hatia, na mama wa miaka tisa ya kipigo. Jaji aliyesoma miaka yote hiyo, aliyekaa na ushahidi wiki nzima, wakati wa adhabu hana kazi zaidi ya karani anayegonga muhuri. Maneno hayo tuliyarithi kwa Mwingereza, na kwao wenyewe waliacha kunyonga kwa kosa la mauaji mwaka 1965.

Hatukukosa jaji wa kuuliza. Mwaka 1994, katika kesi ya Mbushuu iliyosikilizwa Dodoma, Jaji James Mwalusanya aliamua kwamba adhabu ya kifo ni ya kikatili na inayodhalilisha, na kwamba haiwezi kukaa pamoja na Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ilikubaliana naye nusu ya njia. Ilikubali kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili na inatweza utu, halafu ikasema Ibara ya 30(2) ya Katiba inaiokoa, kwa kuwa inaruhusu haki kuwekewa mipaka kwa maslahi ya umma. Kila ninapowafundisha mawakili vijana huwaomba wasome hukumu zote mbili kwa siku moja. Ya Mwalusanya ni ya mtu aliyejua kwamba pengine atabatilishwa, na bado akaandika kila hoja hadi mwisho.

Baada ya hapo upepo ulivuma kwa majirani. Malawi ilitangulia mwaka 2007 kwa kesi ya Kafantayeni: mahakama ilifuta ulazima wa adhabu ya kifo, na miaka kadhaa baadaye wafungwa wa zamani wakaanza kurudishwa mbele ya majaji ili wasikilizwe upya kuhusu adhabu tu. Zaidi ya 100 waliachiwa. Kusikilizwa huko hakukugusa hatia zao. Mahakama ilisikia tu, kwa mara ya kwanza, mambo ambayo sheria ilikuwa imeyazuia: huyu alikuwa na ugonjwa, huyu alikuwa mtoto na hakuna aliyemuuliza umri. Uganda ikafuata Januari 2009, katika kesi ya Susan Kigula na wenzake 417. Mahakama ya Juu ya huko iliiacha adhabu ya kifo ibaki, ikaondoa ulazima, na ikaongeza kwamba mtu akikaa zaidi ya miaka mitatu akisubiri kitanzi baada ya rufaa kwisha, adhabu yake igeuke kuwa kifungo cha maisha.

Kenya ilifika Desemba 14, 2017, kwa kesi ya Francis Muruatetu. Kifungu chao cha 204 kina maneno yaleyale ya 197 yetu, kwa kuwa zote mbili ni nakala za bwana mmoja. Mahakama ya Juu ikasema ulazima huo unavunja Katiba, kwa sababu kuomba adhabu ipunguzwe ni sehemu ya haki ya kusikilizwa, na kesi haijaisha hadi adhabu itolewe kwa haki. Ikabidi Julai 2021 mahakama hiyo itoe mwongozo kwamba uamuzi wake unahusu kosa la mauaji peke yake, maana mahakama za chini zilikuwa zimeanza kuutumia hata kwenye wizi wa kutumia nguvu na makosa ya kujamiiana.

Sasa tuje Arusha. Naomba nisahihishe kitu ambacho hata waandishi wa habari hukosea: Arusha ina mahakama zaidi ya moja. Ile ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ni ya Mkataba wa Jumuiya. Ninayoizungumzia ni Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, chombo cha Umoja wa Afrika, yenye majaji 11, iliyoanzishwa na Itifaki ya mwaka 1998. Mtu binafsi hawezi kuifikia moja kwa moja mpaka nchi yake iwe imeweka tamko maalumu chini ya kifungu cha 34(6) cha Itifaki hiyo. Tanzania iliweka tamko lake Machi 2010, na Watanzania wakaitumia kuliko raia wa nchi yoyote nyingine. Wengi wao walikuwa wafungwa walioandika maombi yao kwa mkono wakiwa magerezani, bila wakili.

Mojawapo ya maombi hayo ni ya Ally Rajabu na wenzake wanne. Novemba 28, 2019 Mahakama iliamua kwamba kifungu cha 197, kwa kumnyima jaji hiari ya kuangalia mtu na mazingira yake, kinakiuka haki ya kuishi iliyo katika Kifungu cha 4 cha Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Mkataba haukatazi adhabu ya kifo kwa jina lake. Unachokataza ni mtu kunyang'anywa uhai kiholela, na Mahakama ikaeleza kwamba adhabu isiyomtazama mtu mmoja mmoja ni ya kiholela hata kama imeandikwa katika sheria. Ikaongeza kwamba kunyonga, kama njia ya kutekeleza adhabu, kunadhalilisha utu na kukiuka Kifungu cha 5. Serikali ikaamriwa kuondoa ulazima huo katika sheria zake ndani ya mwaka mmoja, na kuwapa waombaji nafasi ya kusikilizwa upya kuhusu adhabu.

Tazameni tarehe. Siku saba kabla ya hukumu hiyo, Novemba 21, 2019, Umoja wa Afrika ulikuwa umepokea notisi ya Tanzania ya kuondoa lile tamko. Rwanda ilikuwa imeondoa lake mwaka 2016. Benin na Ivory Coast zikaondoa mwaka 2020, na Tunisia mwaka 2025. Mahakama hiyo ina makao yake kwetu na sisi ndio wenyeji wake. Mimi niliumia kama mtu anayefungiwa mlango wa sebule ya nyumbani kwao.

Kisheria notisi haina nguvu hadi mwaka upite, kwa hiyo maombi yote yaliyosajiliwa kabla ya Novemba 22, 2020 yaliendelea kusikilizwa. Ndiyo maana hukumu dhidi ya Tanzania zimeendelea kutoka, na katika kesi za mauaji Mahakama imerudia msimamo wake tena na tena, ikiwemo katika hukumu ya Gozbert Henerico ya Januari 2022. Ule mwaka mmoja wa kurekebisha sheria ulipita na kifungu kikabaki kilekile.

Najua hoja inayotolewa: hakuna anayenyongwa siku hizi, basi kelele za nini? Ni kweli kwamba tangu katikati ya miaka ya 1990 hakuna aliyenyongwa Tanzania, na Rais Magufuli alisema hadharani mwaka 2017 kwamba hawezi kusaini hati ya kunyonga mtu. Lakini anayetoa hoja hiyo hajakaa na mtu aliyehukumiwa. Aliyehukumiwa hajui atakufa lini wala kama atakufa, na kila Rais mpya akiapishwa hesabu inaanza upya. Huruma ya Rais chini ya Ibara ya 45 ni jambo jema, nami nimewaombea wateja huruma hiyo. Ila huruma hutolewa bila kusikilizwa, bila sababu kuandikwa, na ukikataliwa huna pa kukata rufaa. Jirani zetu wa Kongo walikaa na zuio la kunyonga kwa zaidi ya miaka 20, na Machi 2024 serikali yao ikaliondoa kwa waraka tu.

Kwa Mtanzania wa leo njia ya kwenda Arusha haijazibika kabisa. Kamisheni ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Banjul nchini Gambia, inapokea malalamiko na inaweza yenyewe kuyapeleka mahakamani. Waogiek, jamii ya asili ya msitu wa Mau nchini Kenya, walipita hapo, kwa kuwa Kenya haijawahi kuweka tamko. Walipeleka lalamiko mwaka 2009, wakashinda Mei 2017, na amri ya fidia ya shilingi za Kenya 157,850,000 ikatoka Juni 2022. Ni miaka 13, na utekelezaji bado wanaudai. Siwashauri watu waikimbilie njia hiyo wakidhani ni fupi.

Kazi ya haraka iko kwenye Mahakama Kuu zetu, na kwa mawakili wenzangu wanaopangiwa kesi hizi nina ombi mahsusi. Msikae chini mkiambiwa sheria haina nafasi ya kuomba adhabu ipunguzwe. Leteni cheti cha kuzaliwa, ripoti ya daktari, maelezo ya afisa ustawi wa jamii, ushahidi wa mwenyekiti wa kijiji kuhusu kipigo, na mwombe viingie kwenye mwenendo wa kesi hata kama jaji atasema havimsaidii. Wale wa Malawi walipata taabu kubwa kwa sababu majalada mengi hayakuwa na kitu chochote kuhusu mtu mwenyewe, na mashahidi walikuwa wameshakufa. Mwenendo wa kesi ya yule mama una kurasa saba za ile miaka tisa, na jina la balozi aliyekuwa akiitwa usiku limo.