Kwa nini panda mwekundu anakula mianzi wakati tumbo lake ni la mla nyama?

Ukiangalia tumbo la panda mwekundu utashangaa, maana utumbo wake ni mfupi kama wa wanyama wanaowinda, hana yale matumbo manne ya ng'ombe ya kuchachushia majani, na bado chakula chake kikubwa ni mianzi. Kisayansi yumo kundi moja na simba na fisi, ila kwenye ukoo wake amebaki peke yake duniani. Na wale wanaodhani ni mtoto wa yule panda mweusi na mweupe hapana, yule ni dubu, huyu yuko karibu zaidi na nyegere na fisi maji tunaowajua huku kwetu!

Sasa kwa nini mianzi? Kule anakoishi, misitu ya milimani kuanzia Nepal, Bhutan na kaskazini mwa India na Myanmar mpaka kusini magharibi mwa China, mianzi ipo mwaka mzima, hata theluji ikianguka majani bado yapo, na wanaoigombania ni wachache. Kwa hiyo chakula hakimpigi chenga, shida ni kwamba kile anachokula mwili unafaidi kama robo tu, kingine chote kinatoka hivyohivyo.

Ndo maana anachagua sana. Panda mkubwa, yule mweusi na mweupe, anatafuna mpaka shina, huyu anataka ncha za majani laini na machipukizi yakianza kutoka, anakaa kitako, anakamata tawi kwa mkono mmoja, analivuta mdomoni kwa pembeni halafu anatafuna jani mpaka lisagike kabisa. Mkono wenyewe una kama kidole gumba cha ziada, ambacho si kidole, ni mfupa wa kifundo cha mkono uliorefuka. Panda mkubwa naye anacho, na hawakurithi kutoka kwa babu mmoja, kila mmoja kakipata kivyake, jambo ambalo mimi naliona la ajabu kuliko yote kwa hawa wanyama. Matunda, mayai na ndege akiwapata anakula pia.

Halafu anabana matumizi. Mwili wake unaunguza nguvu kidogo sana ukilinganisha na wanyama wa kilo zake, yaani kilo 3 mpaka 6 hivi, na muda mwingi wa mchana amelala juu ya mti. Baridi ikizidi anajikunja na kujifunika uso kwa ule mkia mnene wenye pete, joto likipanda anajilaza kifudifudi juu ya tawi miguu inaning'inia. Manyoya yanafika mpaka chini ya nyayo.

Hapo ndo utaelewa kwa nini kumfuga zuu ni kazi. Joto likipita nyuzi 25 za Selsiasi anaanza kuteseka, kwa hiyo zuu za sehemu zenye joto wanamwekea chumba chenye kiyoyozi na miti ya kivuli, mianzi mibichi inaletwa kila siku, juu yake wanamwongezea biskuti maalumu zenye nyuzinyuzi nyingi na kipande cha tufaha. Jike akizaa wanamwachia viota zaidi ya kimoja, maana akishtuka anabeba watoto kwa mdomo anawahamisha, na akihamisha hovyo watoto wanaweza kufa. Kelele kwao si jambo dogo jamani. Novemba 2024 zuu ya Edinburgh huko Scotland ilipoteza mtoto wa miezi mitatu aitwaye Roxie, alitapika akapaliwa usiku wa fataki, na madaktari waliamini ni mshtuko wa zile kelele, mama yake naye alikuwa amekufa siku chache tu kabla.

Inauma zaidi ukijua porini wanakadiriwa kuwa chini ya 10,000, misitu inakatwa, mitego inawanasa, mbwa wanawaambukiza magonjwa. Kwa hiyo zuu za nchi mbalimbali zinashirikiana kupanga nani azae na nani ili damu isirudie ileile. Zuu ya Darjeeling, India, iko huko huko milimani, na mwaka 2003 iliwaachia majike wawili waliozaliwa zuu, Sweety na Mini, kwenye msitu wa hifadhi ya Singalila, na kazi hiyo ya kuwarudisha porini bado inaendelea.