Chumvi haichagui gugu wala ukoka
Ujumbe unaozungushwa kwenye magrupu unasema: achana na wapuliza dawa, mwaga maji ya chumvi bustanini, magugu yatakufa na watoto watabaki salama. Magugu hunyauka kweli, ndiyo maana watu huamini. Lakini ukoka nao hukauka, na sodiamu iliyomo kwenye chumvi hubaki udongoni ikiuharibu. Jaribu pembeni, sehemu ya ukubwa wa kiganja, ujionee. Tafadhali usiusambaze tena ujumbe huo.

Dawa ya magugu kama 2,4-D ikipimwa sawasawa huua magugu ya majani mapana na kuacha nyasi nyingi zikiwa hai. Si kwamba haina madhara, la. Mwombe fundi anayepuliza akuonyeshe lebo ya dawa. Watoto na mbwa wasikanyage palipopulizwa mpaka dawa ikauke kabisa, au zaidi lebo ikisema hivyo.