Misa ya Kwenye Simu Haitoshi: Ibada ya Parokia na ya Nyumbani Wakati wa Janga

Machi 2020 maaskofu wa nchi nyingi walilazimika kusimamisha Misa za hadhara kwa sababu ya UVIKO-19, na katika muda mfupi maparoko wengi wakageuka mafundi wa kamera. Ilikuwa kazi njema, na waliosali kwa msaada wake ni wengi. Lakini sisi tunaoshughulika na liturujia jimboni tulianza kusikia kitu kingine: Misa "inaangaliwa". Baba yuko kitandani, mama yuko jikoni, mtoto anakatiza sebuleni kufuata maji. Padre anasema "Inueni mioyo" na hakuna anayeitikia. Kabla janga jingine halijabisha hodi, parokia inapaswa kujua ni nani katika kila nyumba anayeweza kusimama siku ya Jumapili akaongoza sala. Suala la kamera linaweza kungoja.

Sheria ya Kanisa ililifikiria jambo hili zamani. Kanuni ya 1247 inawapa waamini wajibu wa kushiriki Misa Jumapili na sikukuu za amri, na kanuni ya 87 inampa askofu mamlaka ya kuwaondolea wajibu huo pakiwa na sababu ya haki. Wengi waliishia hapo: askofu ametusamehe, basi. Wachache walifika kanuni ya 1248, kifungu cha pili, inayosema kwamba Misa isipowezekana kwa kukosa padre au kwa sababu nyingine nzito, waamini wanahimizwa sana kushiriki Liturujia ya Neno pale askofu alipoipanga, au kutumia muda wa kutosha katika sala, mtu peke yake, familia, au familia kadhaa pamoja. Kilichoondolewa ni wajibu wa kwenda kanisani. Jumapili yenyewe imebaki mahali pake, hata kanisa likiwa na kufuli.

Kwangu mimi mfano wenye nguvu kuliko yote wa waamini waliodumu katika sala bila padre ni wa Japani. Utawala ulipiga marufuku Ukristo mwaka 1614, wamisionari wakafukuzwa, na padre wa mwisho aliyebaki mafichoni aliuawa mwaka 1644. Kwa zaidi ya karne mbili waamini hawakupata Misa, Kitubio wala Mpako wa Wagonjwa. Kisha tarehe 17 Machi 1865 kikundi cha watu kutoka Urakami kilifika kwenye kanisa jipya la Oura, Nagasaki, kikamwambia Padre Bernard Petitjean kwamba moyo wao na wake ni mmoja, halafu kikamuuliza iko wapi sanamu ya Bikira Maria. Padre alikuwa hajui kama Wakristo hao wapo.

Waliwezaje? Waligawana kazi. Kila jamii ilikuwa na mtunza kalenda, mtu aliyejua Kwaresima inaanza lini na Noeli inaangukia siku gani. Mwingine alikuwa mbatizaji, mwingine alipita nyumba hadi nyumba na taarifa. Sala walizikariri na kurithishana. Ubatizo wao uliwezekana kwa msingi uleule ambao leo umeandikwa katika kanuni ya 861, kwamba katika dharura mtu yeyote mwenye nia sahihi anaweza kubatiza. Hawakuwa na shule ya katekesi wala kitabu cha kuchapwa hadharani. Walikuwa na ratiba, na walikuwa na wahudumu wanaojulikana kwa kazi zao.

Hilo ndilo ninaloshauri liigwe. Kila nyumba iwe na mtunza kalenda wake. Anaweza kuwa bibi, anaweza kuwa kijana aliyepata Kipaimara juzi. Vijana huifanya kazi hii vizuri kuliko tunavyowatarajia. Jumamosi jioni atafute masomo ya kesho, agawe nani atasoma lipi, amwambie kila mtu saa ya kuanza. Saa isibadilike kila wiki kufuata usingizi wa watu. Mahali nako pawe palepale: meza yenye kitambaa safi, msalaba, mshumaa, Biblia iliyofunguliwa. Kama mna Biblia ya kitabu, itumieni hiyo, maana simu ina tabia ya kuleta ujumbe katikati ya Injili.

Ibada yenyewe haihitaji ubunifu mkubwa. Anzeni kwa ishara ya msalaba na wimbo mnaoujua. Nyamazeni kidogo, ungameni kwa pamoja "Nakuungamia Mungu Mwenyezi". Somo la kwanza lisomwe, zaburi iitikiwe, kisha wote wasimame kwa Injili. Baada ya Injili kaeni kimya kwa dakika mbili au tatu. Familia nyingi huogopa kimya hiki mwanzoni, na ndicho wanachokitaja kwanza wakiulizwa baadaye ni nini kiliwasaidia. Halafu kila mmoja, hata mtoto, aseme neno moja lililomgusa. Mahubiri ya baba mwenye nyumba, hasa yale yanayoishia kuwa karipio la watoto, yaachwe. Endeleeni na Nasadiki, na Sala ya Waamini ambamo wagonjwa, wauguzi na marehemu wanatajwa kwa majina. Malizeni kwa Baba Yetu, Komunyo ya tamaa (sala ya kumpokea Kristo kiroho, kwa kumtamani) na ombi la baraka.

Hapa kwenye baraka watu huteleza. Mlei anayeongoza hasemi "Bwana awe nanyi" wala hanyooshi mkono kubariki kama padre. Anajifanyia ishara ya msalaba pamoja na wengine akisema, "Bwana atubariki, atukinge na mabaya yote, atufikishe kwenye uzima wa milele." Wazazi lakini wanaweza kuwachora watoto wao alama ya msalaba kwenye paji la uso, desturi nzuri ambayo katika familia nyingi imelala. Na tafadhali, mkate na divai visiwekwe mezani ili kuigiza Misa. Liturujia ya Neno nyumbani ina uzito wake yenyewe, na haihitaji kuvaa nguo za ibada nyingine.

Je, matangazo ya Misa yaachwe? La. Baraza la Kipapa la Ibada na Nidhamu ya Sakramenti lilipotoa maelekezo ya Juma Kuu tarehe 25 Machi 2020, liliwataka mapadre wawajulishe waamini saa za maadhimisho ili waungane nayo kutoka nyumbani, likasema matangazo yawe ya moja kwa moja, yasiwe yaliyorekodiwa. Sababu yake ni kwamba ukisali saa ileile padre wako yuko altareni, mnasali pamoja kweli, japo mmetengana kwa mahali. Ukifungua rekodi Jumatatu usiku umetazama kumbukumbu ya sala ya wengine. Chagueni Misa ya parokia yenu hata kama kwaya ya kanisa kuu inaimba vizuri zaidi. Paroko wenu ndiye anayewaombea kwa majina. Vaeni, simameni, ketini, itikieni. Kardinali Robert Sarah, aliyekuwa mkuu wa Baraza hilo, katika barua yake ya tarehe 15 Agosti 2020 kwa marais wa Mabaraza ya Maaskofu, alieleza kwamba hakuna tangazo linaloweza kulingana na kushiriki ana kwa ana wala kuchukua nafasi yake. Mimi naweka hivi: mwenye afya na ruhusa ya kufika akibaki na skrini, amebadilisha meza na picha ya meza.

Komunyo ya tamaa nayo imeeleweka vibaya, kana kwamba ni zawadi ya kufutia machozi. Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ulifundisha mwaka 1551 kwamba wapo wanaompokea Kristo kiroho kwa tamaa yao, kwa imani hai inayotenda kwa upendo. Kwa hiyo inadai maandalizi: kutubu, kusadiki uwepo wake katika Ekaristi, kutamani kumpokea kisakramenti mara itakapowezekana. Mtu asiyetamani kurudi kanisani bado hajafika kwenye komunyo ya tamaa, hata akiisoma sala yake kila siku.

Kitubio hakifanyiki kwa simu wala kwa video. Padre na mwenye kuungama wanapaswa kuwa mahali pamoja. Machi 2020 Idara ya Toba ya Kitume, ofisi ya Vatikani, ilipendekeza maungamo yafanyike nje ya kiti cha maungamo, penye hewa ya kutosha, kwa umbali na barakoa, siri ikilindwa. Na asiyeweza kumpata padre kabisa? Papa Fransisko alilijibu swali hilo katika mahubiri ya tarehe 20 Machi 2020 kwa kurudia mafundisho ya Katekisimu, namba 1452: majuto kamili, yaani yanayotoka katika kumpenda Mungu kuliko vyote, huondoa hata dhambi za mauti, ikiwa mtu ana nia thabiti ya kwenda kuungama mara iwezekanapo. Mafundisho haya si mapya. Yalikuwa yamesahaulika tu, na watoto wa Komunyo ya Kwanza wanastahili kufundishwa hata wakati wa afya.

Mpako wa Wagonjwa unatolewa na padre peke yake. Kanuni ya 1000 inaruhusu, kwa sababu nzito, atumie kifaa badala ya mkono kupaka mafuta, kwa mfano pamba inayochomwa baadaye. Kikwazo kikubwa lakini ni familia kuchelewa. Wanamwita padre mgonjwa akiwa tayari ametengwa mahali ambapo hata mke wake haruhusiwi kuingia. Ugonjwa ukianza kuwa mzito, parokia ijulishwe siku hiyohiyo. Kama padre hakuweza kufika, familia isidhani kwamba Kanisa limemwacha mtu wao. Tamko la Idara ya Toba lililotangazwa tarehe 20 Machi 2020 lilimpa rehema kamili, yaani kuondolewa adhabu ya muda ya dhambi zilizokwisha kusamehewa, anayekaribia kufa bila Mpako, ikiwa moyo wake umejiandaa na alikuwa na mazoea ya kusali maishani, likashauri awe na msalaba. Hiyo ni kazi ambayo muuguzi Mkatoliki, au yeyote aliyeruhusiwa kuingia, anaweza kuifanya: msalaba mkononi mwa mgonjwa, jina la Yesu sikioni mwake.

Mazishi ya haraka, yenye watu wachache, ndiyo yaliyoacha vidonda virefu zaidi. Parokia iandike majina ya wote waliozikwa hivyo. Yasomwe katika Misa, hata ile inayoadhimishwa na padre akiwa na mtu mmoja sakristia, na mikusanyiko ikiruhusiwa ndugu waitwe kwa Misa ya marehemu wao. Nimesikia ikisemwa kwamba baada ya miezi hakuna haja, wameshapoa. Waulizeni wafiwa wenyewe.

Kuhusu kukusanyika, historia ina maonyo pande zote mbili. Mwaka 590 Roma ilifanya maandamano ya toba wakati wa tauni, na Gregori wa Tours, askofu na mwanahistoria wa wakati huo, anasimulia kwamba watu 80 walianguka na kufa wakiwa katika maandamano hayohayo. Kukaidi kanuni za afya kwa jina la imani kuna gharama, na mara nyingi anayelipa ni jirani. Upande wa pili yuko Mtakatifu Karoli Boromeo, askofu mkuu wa Milano, katika tauni ya 1576 hadi 1577. Watu walipofungiwa majumbani aliagiza altare zijengwe njia panda ili waone Misa kutoka madirishani, na kengele zikalia mara saba kwa siku kuwaita wasali kila mtu akiwa kwake, mtaa mmoja ukiitikia mwingine. Yeye mwenyewe aliwaendea wagonjwa. Hakuchagua kati ya karantini na ibada. Aliipanga ibada ndani ya karantini.

Parokia nyingi zina kengele, na ni chache zilizoikumbuka mwaka 2020. Ilie asubuhi, mchana na jioni kwa sala ya Malaika wa Bwana, na ilie padre anapoanza Misa ya Jumapili. Karatasi za masomo na sala zisambazwe, kwa sababu kila parokia ina wazee wasio na intaneti, na redio inawafikia wengi ambao kamera haiwafikii. Orodha ya simu ni muhimu kuliko vifaa vyote: viongozi wa jumuiya ndogo ndogo wagawane majina, kila mmoja apige kwa watu kumi au kumi na watano kwa wiki, akianza na wanaoishi peke yao. Asianze na sadaka. Akisikia kwamba nyumba haina chakula, habari hiyo ifike kwa wahudumu wa upendo wa parokia kabla ya jua kuzama. Sadaka na zaka zitakusanywa kwa njia zinazojulikana, na hesabu zitangazwe wazi kuliko kawaida, kwa kuwa waamini hawaoni kinachofanyika.

Milango inapofunguliwa tena, kanuni za usafi zifuatwe bila mabishano: vyombo vya maji ya baraka viwe vitupu kwa muda, madirisha yawe wazi, mhudumu wa Komunyo atakase mikono, amani itakiwe bila kushikana. Wagonjwa na wazee wapelekewe Komunyo nyumbani. Kisha ile orodha ya simu itolewe tena, ipigiwe mistari kwa wale ambao hawajaonekana. Wengine wanaogopa, wengine wamehama, wengine wamezoea sofa. Kila mmoja anahitaji mazungumzo yake, na tangazo la jumla baada ya Misa halitawafikia kwa sababu hawapo kulisikia. Apige mtu yuleyule aliyekuwa akiwapigia wakati wa karantini. Sauti yake wanaijua.